Waifai imetoweka baada ya kusasisha kerneli: usifomati kwanza

Pole ndugu. Nimeelewa: laptopu ina kadi ya Broadcom, ulisasisha Ubuntu jana pamoja na kerneli yake (kiini cha mfumo), leo waifai haionekani kabisa, na rafiki anakushauri ufomati. Mwache rafiki. Mimi niliwahi kununua kadi ya USB kwa tatizo hilihili, kumbe kadi yangu ilikuwa nzima.

Pima hivi. Washa mashine huku ukibonyeza Esc (nyingine hutaka Shift) hadi menyu ya GRUB (ya kuchagua mfumo wa kuwasha) itokee, ingia "Advanced options", chagua kerneli ya zamani. Waifai ikirudi, mkosaji ni draiva (programu inayoendesha kadi). Hiyo ya Broadcom mara nyingi haimo ndani ya kerneli. Programu iitwayo DKMS huijenga upya kila kerneli mpya inapokuja, na bila faili za heda (headers) za kerneli hiyo, ujenzi hushindikana.

Basi rudi kwenye kerneli mpya, chomeka simu kwa waya wa USB uazime intaneti yake, kisha andika:

sudo apt install linux-headers-$(uname -r)
sudo dkms autoinstall

Washa upya. Bado? Andika mokutil --sb-state. Secure Boot (ulinzi wa mashine wakati wa kuwaka) ikiwa imewashwa, huenda inaikataa draiva isiyo na saini. Ila kama una Windows pembeni, tafuta kwanza ufunguo wa BitLocker (kufuli la diski ya Windows) kabla ya kuzima Secure Boot.

Usiguse apt autoremove kwa sasa, maana huweza kufuta kerneli za zamani. Kerneli ya zamani ndiyo akiba yako. Na kama amri ya lspci (inayoorodhesha vifaa) haioni kadi hata kwenye kerneli ya zamani, hapo mpelekee fundi.