Niliyojifunza wakala wa AI alipojizima mwenyewe

Usiku mmoja nilimpa wakala wa AI kazi ndogo tu: aondoe njia moja ya mkato kwenye mipangilio yangu ya tmux, programu inayoendesha madirisha mengi ya terminal ndani ya seva moja. Akafuta mstari, akapakia faili upya kwa `tmux source-file`, akaangalia. Kitufe bado kinafanya kazi. Akapakia tena, wapi! Akaona dawa ni kuiwasha tmux upya, akaendesha `tmux kill-server`. Sasa, yeye mwenyewe alikuwa anaendeshwa ndani ya tmux hiyohiyo. Akalikata tawi alilokalia, akaanguka nalo, na dirisha la pembeni lililokuwa linahamisha hifadhidata ya mteja likafa papo hapo, kazi ikiwa imeshavuka nusu.

Nilimtukana kwanza, sikatai. Kisha nikafungua AGENTS.md, faili la maelekezo nililomwandikia mwenyewe, nikaanza kuona aibu. Nilikuwa nimeeleza tmux ni nini, kwa nini nilihama kutoka bash kwenda zsh (programu zinazopokea amri kwenye terminal), hadi rangi ninazozipenda. Tmux anaijua kuliko mimi! Asichokijua ni kompyuta yangu: kipi kiko wapi, kipi kinaendeshwa sasa hivi, kipi kikiguswa kitaniumiza.

Tuseme hiyo njia ya mkato. `source-file` haianzi upya. Inatekeleza amri za kwenye faili juu ya vile vilivyokwisha kupakiwa. Ukifuta mstari wa `bind`, ule unaokipa kitufe kazi yake, seva inayoendelea haina habari, kitufe kinabaki kwenye kumbukumbu yake mpaka ukiondoe kwa `unbind`. Mtu aliyezoea hufanya hivyo bila kufikiri, ndiyo maana hakumbuki kuliandika. Siku hizi faili langu linasema hivi:

"Ukifuta `bind`, endesha pia `tmux unbind` kwa kitufe hicho. Usiendeshe `tmux kill-server` bila `-L jaribio`: wewe mwenyewe umo ndani ya seva hiyo, pamoja na kazi zangu. Majaribio yafanyie kwenye seva ya pembeni:

`tmux -L jaribio -f /dev/null new-session -d`
`tmux -L jaribio source-file ~/.config/tmux/tmux.conf`"

Amri ya pili ikikuta kosa inalitaja pamoja na namba ya mstari, kwa hiyo wakala anapata jibu analoweza kulisoma. Hapo ndipo maelezo mengi ya mipangilio yanapopwaya. Tunaandika "kisha hakikisha rangi zimebadilika", wakati msomaji wetu hana macho ya kutazama skrini. Mpe amri itakayomjibu kwa maandishi: `tmux list-keys` kwa vitufe, `tmux show-options -g` kwa mipangilio, `zsh -n ~/.zshrc` kwa makosa ya sintaksia kwenye faili la mipangilio ya zsh.

Na ukikataza jambo, taja sababu na njia mbadala. Katazo tupu nimeona likizungukwa: unamwambia asiiwashe tmux upya, anatafuta namba ya mchakato wake na kuuzima kwa `kill`.

Kisa cha pili kilinihusu mimi zaidi. Natumia chezmoi, programu ya kutunza mafaili ya mipangilio, kwa hiyo `.zshrc` iliyoko nyumbani ni nakala. Chanzo chake kiko `~/.local/share/chezmoi`, kwa jina `dot_zshrc`. Wakala akifungua `~/.zshrc` anaona faili kama mafaili mengine. Alilihariri, likafanya kazi, tukaagana vizuri. Siku mbili baadaye naendesha `chezmoi apply`, ikaniuliza kama iandike juu ya faili lililobadilika, nami kwa mazoea nikabonyeza `o`. Kazi yote ikaenda na maji. Nimeandika kwenye AGENTS.md kwamba chanzo kitafutwe kwa `chezmoi source-path ~/.zshrc`, kikaguliwe kwa `chezmoi diff`, ndipo `apply`. Lakini kilichosaidia zaidi ni maoni ya mstari mmoja juu kabisa ya `.zshrc` yenyewe: "Usihariri hapa, hii ni nakala ya chezmoi." Wakala asiyesoma maelekezo bado atalifungua faili, na kibao atakikuta mlangoni.

Aliasi, yaani majina mbadala ya amri, nazo ziangalie. Nilikuwa nimeweka `alias cp='cp -i'`, inayofanya amri ya kunakili iulize kabla ya kuandika juu ya faili, ndani ya `.zshenv`, faili ambalo zsh hulisoma kila inapoanza, hata kwa amri moja ya `zsh -c`. Wakala akinakili faili juu ya jingine, amri inaganda ikisubiri jibu asilojua kwamba ameulizwa. Niliihamishia `.zshrc`, inayosomwa na zsh ya maingiliano tu. Hilo halikuhitaji maelezo yoyote, lilihitaji kurekebishwa.

Lugha? Naandika Kiswahili, amri nikiziacha kama zilivyo, na sijaona akipotea. Faili lenyewe sasa lina mistari kama arobaini. Nikitaka kulipima, nafungua mazungumzo mapya yasiyo na historia, natoa kazi ndogo na kukaa kimya. Pale anapoanza kupapasa ndipo penye mstari uliokosekana au uliopitwa na wakati.

Wiki iliyopita nilimrudishia kazi ileile ya kitufe. Akafungua seva ya jaribio, akapakia, akaendesha `unbind`, akanionyesha `list-keys` safi. Ila seva ya jaribio aliiacha inaendelea, nikaigundua kesho yake. Nimeongeza mstari: "Ukimaliza, `tmux -L jaribio kill-server`."