Maswali na majibu: Treni ya kuchezea iliyolala juu ya kabati

Nilidhani Dodoma nzima ni mimi peke yangu mwenye treni ya kuchezea iliyonizidi umri. Kumbe wapo wengi, na maboksi yao yako juu ya makabati, yamevaa vumbi. Haya, tuanze.

Shikamoo fundi. Marehemu mjomba alisoma Uingereza akarudi na boksi la treni ya umeme. Kila kitu kimo, hata transfoma. Nichomeke tu nione? (Nkuhungu)

Marahaba. Usichomeke. Chukua kwanza waya wa hiyo transfoma uukunje taratibu kwa vidole. Mpira wa waya wa miaka mingi hukauka. Ukiona unapasuka na kumeguka, mpe fundi umeme aubadilishe, au achana na transfoma kabisa. Umeme wa Uingereza na wetu ni ndugu, volti 230, na plagi ni zile zile za miguu mitatu. Balaa ni boksi lililotoka Marekani, ambako umeme wa nyumbani ni volti 120. Niliwahi kuchomeka la namna hiyo bila kusoma kibandiko. Dakika mbili hazikuisha. Harufu ilikaa sebuleni mpaka Jumapili, na mke wangu anaitaja hadi leo kila nikishika bisibisi.

Njia salama ni betri ya mraba ya volti 9, ile ya maiki za kanisani. Treni nyingi za reli mbili hutumia DC, umeme wa upande mmoja kama wa betri, wa volti 12, kwa hiyo 9 haziiunguzi. Unga vipande viwili vitatu vya reli, weka kichwa cha treni juu yake, kisha gusisha waya mmoja reli ya kushoto na mwingine ya kulia. Kikisogea hata sentimita tano, mjomba kakuachia treni nzima. Geuza betri, kitarudi nyuma.

Kaka, nina betri ya sola ya volti 12. Si ndizo hizo hizo? (Manyoni)

Volti ni hizo hizo, hasira ndiyo tofauti. Kichwa kidogo cha treni mara nyingi hakili hata amperi 1, wakati betri ya sola ikipigwa shoti inamwaga amperi kwa makumi. Behewa likiacha reli, gurudumu la chuma likalalia reli zote mbili, waya utakuwa mwekundu kabla hujainuka kwenye kiti. Kama huna namna nyingine, weka fyuzi ya amperi 1 kwenye waya wa chanya. Tena hapo hakuna cha kupunguzia mwendo: itatoka mbio na kona ya kwanza itaishinda.

Yangu inanguruma lakini haiendi mpaka niisukume. Nimeipaka mafuta ya alizeti, ndiyo kwanza imekuwa nzito. (Singida)

Ndugu yangu, najua Singida alizeti mnayo, lakini hiyo ni ya maandazi. Mafuta ya kula yakikaa hewani hugeuka gundi, na sasa gundi iko kwenye gia, juu ya grisi ya zamani iliyokwisha kuganda yenyewe. Fungua kichwa, skrubu mara nyingi iko chini, tumboni. Piga picha kwa simu kabla hujachomoa chochote. Kwangua gia kwa kijiti cha meno, futa kwa pamba za masikio zenye spiriti. Petroli hapana. Kisha oili ya cherehani, tone moja kila mwisho wa ekseli, na tone ninalosema ni lile linaloning'inia kwenye ncha ya sindano. Ukimimina, oili itafika kwenye kaboni za mota na utarudi kuniandikia.

Ukishamaliza ndani, njoo kwenye magurudumu na reli. Umeme unapita hapo, na vumbi letu la kiangazi halijui dirisha lililofungwa. Pitisha kitambaa cheupe chenye spiriti juu ya reli: kitatoka cheusi kama kimefuta koroboi. Rudia mpaka kitoke kisafi. Palipogoma tumia raba ya penseli. Msasa usiuguse, kwa sababu huacha mikwaruzo na uchafu hupenda kukaa humo. Nikikadiria, nusu ya treni ninazoletewa kama "zimekufa" zilikuwa chafu tu.

Mwanangu, reli yangu ina vyuma vitatu. Ni kasoro? (Mpwapwa)

Shikamoo mzee. Si kasoro. Hornby Dublo, treni ya kuchezea ya Kiingereza iliyotoka mwaka 1938, ilikuwa hivyo mpaka miaka ya 1950 ilipokaribia kwisha, na Lionel za Marekani ni hivyo pia. Chuma cha kati huleta umeme, vya pembeni huurudisha. Ila Dublo ni ya DC na Lionel ni ya AC, umeme unaogeuka-geuka kama wa ukutani, kwa hiyo usiazime transfoma ya jirani. Kama ubavuni pana tundu la ufunguo, basi hiyo haitaki umeme. Ijaze nusu tu siku ya kwanza, springi ni ya kizee.

Nikiuza nitapata ngapi? (Kisasa)

Ikiwa na boksi lake na rangi yake ya asili, zaidi kuliko ikiwa haina. Kwa hiyo usiipake rangi.

Mwanangu anauliza: hii ni SGR (reli ya kisasa) au MGR (reli ya zamani ya mita moja)? (Ipagala)

Swali zuri kuliko yote. Chukueni rula mpime ndani ya reli. Nyingi za ukubwa wa kawaida ni milimita 16.5. Kama treni ni ya kipimo cha 1 kwa 87, yaani ndogo mara 87 kuliko ya kweli, zidisha: unapata milimita 1,435, upana wa SGR kabisa, hiyo iliyoanza kuleta abiria Dodoma Julai 2024. Waingereza wao hutumia reli hiyo hiyo kwa treni ya 1 kwa 76, ndiyo maana mabehewa yao yanaonekana mapana kidogo kwa reli yake. Reli ya kati, ile Wajerumani waliyoifikisha Dodoma mwaka 1910, ni mita moja, na kwa 1 kwa 87 ingetaka reli ya milimita 12. Hizo zipo lakini ni adimu. Mwanao akiona moja Sabasaba kwenye mitumba, aniwahi kabla hajaifuta vumbi.