Jibu: Injini ya boti iliyogoma kuzunguka

Habari mkuu. Umesema injini imekaa miaka na kamba ya kuwashia haivutiki hata kidogo. Usiilazimishe. Kwanza weka nyutro. Ikizunguka hapo, angalia giaboksi kabla ya kushuku pistoni.

Bado imegoma? Fungua plagi zote, inua injini hadi matundu ya plagi yaelekee juu, kisha mimina dizeli iliyochanganywa na oili katika kila silinda. Iache siku kadhaa, ukiongeza. Halafu tia spana kwenye nati ya flaiwili (gurudumu zito linalozunguka na injini), uibembeleze upande wa kukaza tu, maana kinyume chake nati ndiyo italegea.

Ikiachia, usiwashe kwanza! Mwaga petroli ya zamani, safisha kabureta, badilisha impela (kipande chenye mapanga kinachosukuma maji) ya pampu ya maji. Kama kutu imeshachimba silinda, kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) hairudi kwa dizeli. Hapo ni kufumua.