"Mama, na sisi tutakuwa wageni lini?"

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, wa miaka saba, minne, na mwaka mmoja na nusu. Tunaishi Kiseke, hapa Mwanza, kwenye nyumba yetu wenyewe, tumehamia mwaka jana. Mume wangu anafanya biashara ya dagaa pale soko la samaki la Mwaloni. Ni mchapakazi, hanywi, na anatupenda. Tatizo letu ni sebule. Alinunua seti nzima ya makochi ya rangi ya maziwa, meza ya kioo na zulia la manyoya. Huu ni mwezi wa nane na makochi bado yako kwenye nailoni ya dukani. Mlango unafungwa kwa ufunguo mpaka aje mgeni. Watoto wanashinda koridoni, jioni wanakwenda kuangalia katuni kwa jirani. Mama mkwe akija kutoka Sengerema anakaa jikoni kwenye kigoda, anasema huko sebuleni kunateleza. Wiki iliyopita yule wa miaka minne alikuta mlango wazi, akaingia, akaegemea meza ya kioo ikainuka upande mmoja. Haikuvunjika, lakini baba yake alimchapa. Usiku yule mkubwa akaniuliza: "Mama, na sisi tutakuwa wageni lini?" Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Napenda nyumba nzuri na simlaumu mume wangu kwa kupenda vitu vizuri. Nifanyeje sebule ipendeze na watoto wangu wakae, bila ugomvi? Hela ya kununua vitu vingine hatuna. Mama wa Watatu, Kiseke.*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikifika kwenye swali la mwanao naiweka chini kwanza. Mtoto wa miaka saba ameangalia nyumba ya baba yake, akaona kuna watu wanaopewa chumba kizuri na yeye hayumo. Hakulalamika wala hakulia. Ameuliza tu tarehe. Kwa hiyo nitazungumza na wewe habari za mapazia na rangi, maana umeniuliza, lakini ujue kila ninachokwambia hapa ni cha kumjibu yeye.

Hebu kaa uhesabu, kwa miezi hii minane sebule imefunguliwa kwa wageni wangapi. Halafu umhesabu mama mkwe peke yake. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025, mtu wa Sengerema hana tena habari ya kupanga foleni ya kivuko. Anapanda gari asubuhi, mchana yuko kwako anamenya viazi. Mgeni wenu mkubwa ni huyo, aliyemzaa mwenye nyumba, naye anakaa jikoni kwenye kigoda. Chumba mlichokitenga kwa ajili ya wageni hata mgeni mwenyewe kimemshinda.

Nikueleze jambo la kwangu. Miaka ya 1990 tulikuwa tumepanga Igogo, vyumba viwili, na sebule yangu ilikuwa na vitambaa vyeupe nilivyofuma mwenyewe, kila kochi kitambaa mgongoni na viwili mikononi. Mwanangu wa kwanza alimwaga kikombe cha uji wa ulezi juu ya kimoja. Nilimpiga, na baada ya hapo nikamkataza kukaa pale. Kitambaa kilifuliwa kikatakata. Leo ni baba wa watu, na akija kunisalimia anakaa ukingoni mwa kochi, mikono yote miwili juu ya magoti, kama mtu anayesubiri kuitwa ofisini. Namwambia, egemea baba, hapa ni kwenu. Anaegemea. Dakika mbili tu, yuko ukingoni tena. Vitambaa vile sijui hata viliishia wapi. Wewe wako wa kwanza ana miaka saba. Muda unao.

Sasa mumeo. Usianze na makochi, na usimwambie kuwa vitu vyake ni vibaya, kwa sababu si vibaya. Mtu anayeamka kabla ya alfajiri akashinda Mwaloni kati ya magunia, harufu ya dagaa ikaingia mpaka kwenye mkanda wa suruali, ana haki ya kutamani mahali pamoja pasafi duniani. Kile chumba ndicho alichokitolea jasho. Mpe heshima hiyo kwanza, na uimaanishe. Chagua siku ambayo mama yake hayupo na watoto wamelala, amekula, ameoga. Halafu mwambie swali la mtoto kama lilivyo, neno kwa neno, unyamaze. Usimwongezee maelezo.

Kama ni Msukuma, kama ninavyohisi, kuna neno analolijua: shikome. Ule moto wa jioni uwanjani, wazee wameketi, watoto wanasogea karibu, mtu anafundishwa maneno, heshima na habari za ukoo wake akiwa anaota moto. Muulize, katika nyumba hii mpya shikome iko wapi? Kwa jirani, mbele ya katuni? Baba anayependa nyumba yake ataumia kusikia hivyo, lakini atasikia.

Na lile la kuchapwa uliseme, kwa upole lakini uliseme. Mtoto wa miaka minne kuegemea meza hajakosa adabu. Meza ile iko karibu na mikono yake, angeegemea nini kingine? Aliyehitaji kuondolewa pale siku ile ni kioo.

Tuanzie hapo basi. Meza ya kioo itoke wiki hii, kabla hata hamjakubaliana mambo mengine yote. Kioo cha kawaida kikivunjika kinatoa vipande virefu vyenye ncha, na wewe una mtoto wa mwaka mmoja na nusu anayeshika chochote kilicho karibu. Iuzeni, au muipeleke chumbani kwenu iegemezwe ukutani nyuma ya kabati, asikoweza kufika mtoto. Katikati ya sebule pabaki wazi. Watu huogopa uwazi, wanadhani sebule bila meza ni maskini, lakini watoto watatu wanahitaji sakafu kuliko wanavyohitaji meza. Mgeni akija, stuli mbili za mbao zinatosha kuweka soda na sahani. Seremala yeyote atakuchongea; mwambie kona azizungushe, asiziache kali.

Siku hiyo hiyo angalia televisheni na kabati lake. Watoto hupanda droo kama ngazi, na kabati likiinama linakuja lote na kilicho juu yake. Fundi atoboe ukuta, atie plagi na skrubu, alikaze kabati. Ni kazi ya nusu saa. Hili usiliahirishe.

Makochi hatuyabadilishi, tunayavisha. Nailoni itoke. Kwa joto letu la mchana, chumba kimefungwa, nailoni inanata kwenye mapaja ya watu wazima, sembuse mtoto. Na bibi anaposema kunateleza anasema kweli, kwa sababu kochi lenyewe ni la kuzama na nailoni inamshusha. Nenda soko la Mlango Mmoja asubuhi marobota yanapofunguliwa, utafute mapazia mazito ya mitumba au shuka nene za pamba, rangi ya udongo, kijani cha majani au bluu iliyokolea. Nyeupe na kahawia hafifu ziache. Mpe fundi cherehani apime makochi, ashone vifuniko vya kuvua na kuvalisha, zipu iwe nyuma, na kila mto uwe na foronya yake peke yake. Shona jozi mbili kama uwezo upo: moja imevaliwa, nyingine iko kwenye kamba. Hapo uji ukimwagika hakuna kesi, ni kufua tu. Siku ya Krismasi au Idi, au baba akitembelewa na wafanyabiashara wenzake, unavua vifuniko na rangi ya maziwa inaonekana kwa siku nzima. Mumeo hapotezi kitu chake. Kinatunzwa chini ya nguo badala ya chini ya nailoni.

Zulia la manyoya likunje. Linakusanya vumbi, makombo na mkojo wa mtoto, na kulikausha msimu wa vuli ni mateso. Tandika mkeka. Huku ziwani tuna mikeka ya mafunjo na ya ukili, miepesi, inapigwa nje asubuhi na kurudi ndani. Kama sakafu yako ni ya marumaru zinazong'aa, weka kipande cha mpira chini ya mkeka usihame mtoto akikimbia.

Kuta nazo. Najua zimeshaanza alama za viganja koridoni, kwa sababu ndiko mlikowafungia. Sehemu ya chini ya ukuta, kuanzia sakafuni hadi mita moja na robo hivi, ipakwe rangi ya mafuta. Juu ibaki rangi ya maji. Ndivyo madarasa mengi yalivyopakwa miaka yote, na sababu ni hiyo hiyo: mikono ya watoto. Kitambaa chenye maji na sabuni kinafuta kila kitu. Chagua rangi ya chini iliyokolea kidogo na ya juu nyepesi, chumba kitaonekana kirefu na kimepangwa, wala hakuna atakayefikiri ni kwa ajili ya uchafu. Siku za kupaka watoto wawe kwa bibi, madirisha wazi, wasirudi mpaka harufu imekwisha.

Halafu wape pao. Hapa nakuomba uwe mkarimu. Kona moja ya sebule, si koridoni, si chini ya ngazi. Ubao mmoja mrefu uwekwe chini kabisa kama rafu, juu yake vikapu viwili vya ukili: kimoja midoli, kingine vitabu na daftari za yule mkubwa. Paka kipande cha ukuta rangi ya ubao wa shule, kimo cha mtoto wa miaka minne, achore kwa chaki. Kitu ambacho mtoto anakifikia mwenyewe, anajifunza kukirudisha mwenyewe. Kikiwa juu ya kabati atakupigia kelele wewe siku nzima. Jioni kabla ya kula, wote watatu warudishe vitu vikapuni. Kama baba akirudi akakuta sakafu imesafishwa na watoto wake, nusu ya hofu yake itaondoka.

Bibi naye umtafutie kiti chake. Kiti kigumu cha mbao chenye mikono ya kushikia anaponyanyuka, kisiwe cha chini, na mto mwembamba. Kiweke karibu na dirisha, mahali anapoona mlango na watoto. Sijui kama umewahi kuona mzee anavyokaa akijua kiti kile ni chake. Mabega yanashuka.

Kuhusu hewa na mwanga nitasema kidogo. Huku kwetu karibu na ikweta jua linalochoma ukuta ni la asubuhi upande wa mashariki na la alasiri upande wa magharibi. Kama dirisha la sebule linaangalia magharibi, pazia zito lishushwe kuanzia saa nane. Mchana upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu, kwa hiyo fungua madirisha ya pande mbili upite. Jioni wavu uwe mzima kwa ajili ya mbu, na wale wadudu wadogo wa ziwani wakija kwa makundi zima taa iliyo karibu na dirisha, maana wanafuata mwanga. Mapazia meupe wanayaharibu kabisa.

Hukuniambia uani kuna nini, lakini nyumba nyingi za upande huo zina jiwe kubwa. Kama lipo, na kama si refu la kumvunja mtoto mguu, msikubali fundi alichome moto na kulipasua kokoto. Fagia pembeni yake, panda mti wa kivuli, tandika mkeka. Jiwe la Mwanza linapokea jua mchana kutwa, na usiku unapoingia bado lina joto ukiliegemea. Kwa shikome ya kwenu mahali pa kuanzia pangekuwa hapo, siku ambazo umeme umekatika na katuni hakuna.

Usifanye yote kwa mwezi mmoja. Meza na kabati wiki hii. Vifuniko mwezi ujao, dagaa wakiwa na bei nzuri. Rangi mwisho, kiangazi.

Ila nailoni usiitoe wewe. Jumapili, mkishazungumza, mpe baba yao mkasi, na amwite yule mkubwa aje amshikie upande wa pili. Vipande vyote vikusanywe mara moja vitolewe nje, mdogo asije akajifunika usoni. Kisha wakae wote wawili kwenye kochi, mtoto awe wa kwanza.

Wako, Shangazi.