Sura ya mtu si lazima

Umeuliza kama roboti ya kiwandani ikipewa sura ya mtu wafanyakazi wataiamini zaidi. Kwa sura peke yake, sidhani. Kinachosaidia ni kujua mashine inataka kufanya nini kabla haijafanya. Chukua Baxter, roboti ya kiwandani iliyotolewa mwaka 2012 na Rethink Robotics, kampuni ya mtaalamu wa roboti Rodney Brooks. Uso wake ulikuwa skrini tu yenye macho, na macho hayo yaligeukia upande ambao mkono ulikuwa unakaribia kwenda, kwa hiyo aliyesimama jirani aliweza kujihadhari mapema. Kuifundisha nako, uliushika mkono wake ukauongoza.

Ila kuaminiwa kupita kiasi nako ni hatari. Mwaka 2016 watafiti wa Georgia Tech, chuo kikuu cha Marekani, walifanya jaribio la moto wa kuigiza: moshi ukatanda, kengele ikalia, na watu wakaifuata roboti hata baada ya kuiona ikikosea njia muda mfupi kabla. Ndiyo maana mimi ningetaka roboti ionyeshe waziwazi pale isipokuwa na uhakika, hata kwa taa ya njano tu.