Kupiga picha Sphere ya Las Vegas

Dada umeuliza uende saa ngapi na kama lazima ukate tiketi, kuipiga Sphere kwa nje huhitaji tiketi kabisa, lile dude ni jengo la umbo la tufe lililofunikwa taa za LED zinazoonyesha picha, lina urefu wa mita 112 na upana wa mita 157 kwa hiyo hata ukiwa mbali unalipata vizuri. Mimi napenda ile dakika ishirini hivi jua likishazama, anga bado lina ubluu, maana giza likiingia kabisa simu inachanganyikiwa, Sphere inatoka jeupe tupu na huku nyuma kote kweusi. Gusa tufe kwenye skrini, shikilia kidole, halafu shusha mwanga mpaka uone rangi zimerudi. Ukiona mistari myeusi inakatiza picha usidhani simu imeharibika, ni zile taa za LED, kama una kamera teremsha spidi ya shata (yaani muda kamera inaofunguka kupokea mwanga) mpaka 1/60 ya sekunde hivi. Ukitaka kuipata kwa juu panda High Roller, lile gurudumu kubwa la kubeba watu juu kutazama mji. Na sogea karibu pia jamani, utaona ule uso wa njano unaocheka unaoonyeshwa kwenye Sphere kumbe ni vitaa vya duara tu, viko kama milioni 1.2, kimoja kimoja kimeachana na mwenzake!