Umeomba vitanda viwili, umepewa kimoja

Pole dada, yaani umetoka na bi mkubwa Mwanza, umeomba vitanda viwili floo ya chini, mnafika hoteli hapo Kariakoo mnapewa kitanda kimoja floo ya nne na lifti mbovu, inauma kwa kweli. Ila kile kisanduku cha maombi kwenye hizo saiti za kubuku hoteli ni ombi tu, wenyewe wanaandika kwa herufi ndogo kwamba inategemea nafasi. Kinachokulinda ni aina ya chumba uliyochagua na kulipia, so fungua ile imeili ya bukingi, kama imeandikwa vitanda viwili hapo kaza, muoneshe meneja, afu wapigie saiti ukiwa bado mapokezi maana kama hela ulilipa kwao hoteli itakwambia rifandi kaombe kwao. Kama imeandikwa dabo (yaani kitanda kimoja kikubwa cha watu wawili), hapo ni kubembeleza tu. Siku nyingine ukishabuku pigia hoteli yenyewe, hakikisha jina lako wanaliona, waambie mama magoti yanamsumbua (wakijua sababu huwa wanajitahidi kidogo), afu wakujibu WhatsApp ubaki na maandishi. Na usifike saa nne usiku, vyumba vya chini vinakuwa vishagawiwa.